Majina na Mamlaka: Kaskazini-Mashariki mwa Kenya kutoka "Shifta" hadi Azimio la Modogashe

Utangulizi

Historia ya kisiasa ya Kaskazini-Mashariki mwa Kenya aghalabu huelezwa kwa kutaja mipaka, silaha na mikataba. Katika makala haya tunakusudia kuitazama kwa njia iliyo karibu zaidi na kazi yetu sisi wanafunzi wa lugha, yaani kwa njia ya majina. Hoja yetu ni kwamba tangu Uhuru wa 1963, watu wa eneo hili, ambao wengi wao ni Wasomali na Waislamu, wametawaliwa kwa majina waliyopewa na wengine. Mji mdogo wa Modogashe, ulio mpakani mwa Garissa na Isiolo, una nafasi ya pekee katika historia hiyo, kwani hapo ndipo jina la mahali penyewe lilipogeuka kuwa jina la sheria.

Jimbo la Saba

Waingereza waliliita eneo hili, pamoja na Isiolo, Marsabit na Moyale, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na kwa ufupi NFD. Tangu 1926 ilikuwa wilaya iliyofungwa: mtu hakuingia wala kutoka bila ya idhini. Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934 ikazidisha masharti hayo. Si ajabu basi kwamba wenyeji walizoea kusema "naenda Kenya" waliposhika njia ya Nairobi, kana kwamba Kenya ilikuwa nchi nyingine.

Somalia ilipopata uhuru wake mwaka 1960 na kupandisha bendera yenye nyota ya pembe tano, mojawapo ya pembe hizo ilikusudiwa kuwa NFD. Mwaka huohuo kikaundwa chama kilichodai kujitenga na Kenya. Oktoba 1962 Uingereza ilituma tume ya watu wawili, mmoja kutoka Nigeria na mmoja kutoka Kanada, nayo ikaona kwamba katika sehemu za Wasomali takriban watu wote walitaka kuungana na Somalia. Hata hivyo, Machi 1963 Waziri wa Makoloni, Duncan Sandys, alitangaza kwamba sehemu hizo zingekuwa jimbo la saba la Kenya. Katika midahalo ya katiba ya siku zile neno "majimbo" lilikuwa ahadi kwa makabila madogo kwamba yangejiendeshea mambo yao. Kwa Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera neno hilohilo lilikuwa jibu la kukataliwa. Somalia ikavunja uhusiano wake na Uingereza, nao wenyeji wakaususia uchaguzi wa Mei 1963.

Neno "Shifta"

Desemba 25, 1963, siku kumi na tatu tu baada ya Uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari katika jimbo hilo. Vita vilivyofuata vimeingia katika vitabu kwa jina la "vita vya shifta". Neno hili lina asili yake Uhabeshi, ambako lilimtaja mtu aliyeasi mamlaka na kukimbilia porini. Huenda akawa mnyang'anyi, na huenda akawa muasi mwenye madai. Katika matumizi ya serikali ya Kenya ile maana ya pili ilififia, ikabaki ya unyang'anyi. Yafaa tuone uzito wa badiliko hilo. Dai la kisiasa, hata likikataliwa, humlazimisha mtawala kujibu kwa hoja. Unyang'anyi haudai jibu ila la polisi na jeshi.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoazimia mjini Cairo, Julai 1964, kwamba mipaka iliyorithiwa iheshimiwe, dai lenyewe lilikosa mahali pa kusikilizwa. Kuanzia 1966 wafugaji walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, na mifugo mingi ikaangamia. Waborana wa Isiolo, waliofungiwa Garba Tula na Merti, hawakukiita kipindi hicho "vita vya shifta". Walikiita "Gaafa Daaba", yaani wakati wa kusimamishwa. Jina la serikali lamtaja mhalifu. Jina la wafugaji lataja yaliyowapata.

Mapatano yalitiwa sahihi Arusha Oktoba 1967, baina ya Rais Kenyatta na Waziri Mkuu Egal wa Somalia, kwa upatanishi wa Rais Kaunda. Hata hivyo, amani hiyo haikuondoa hali ya hatari, iliyodumu hadi 1991. Aidha, sheria ya kinga ya 1970 iliwazuia raia kuwashtaki watumishi wa serikali kwa yaliyotendwa huko tangu Desemba 1963 hadi Desemba 1967.

"Operesheni" na "Sijui"

Katika miaka ya themanini neno "operesheni" lilichukua nafasi ya "vita". Novemba 1980 mtaa wa Bulla Karatasi mjini Garissa, ambao jina lake limeunganisha Kisomali na Kiswahili, uliteketezwa baada ya maofisa wa serikali kuuawa. Februari 1984 wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliikataa hesabu hiyo.

Mwishoni mwa 1989 Wasomali wote wa Kenya walitakiwa wathibitishe uraia wao upya. Ndugu zao wa Somalia nao waliwatania kwa jina la "sijui", kwa kuwa walizungumza Kiswahili. Hivyo upande mmoja waliulizwa kama ni Wakenya, na upande wa pili walichekwa kwa kuwa Wakenya mno.

Azimio la Modogashe

Kuanguka kwa serikali ya Somalia mwaka 1991 kulizidisha silaha na ujambazi. Wanawake wa Wajir ndio walioanzisha juhudi za upatanisho, na mwaka 1993 wazee wakatoa Azimio la Al-Fatah. Juu ya msingi huo, mwaka 2001 wazee, viongozi wa dini na watumishi wa serikali kutoka Garissa, Wajir, Isiolo na kwingineko walikutana Modogashe, wakaafikiana kuhusu malisho, maji, wizi wa mifugo, silaha haramu na dia. Azimio likaangaliwa upya Garissa mwaka 2005.

Dia iliwekwa kuwa ngamia au ng'ombe 100 kwa mwanamume aliyeuawa, na 50 kwa mwanamke. Neno "dia" latumika Lamu kama litumikavyo Mandera, na wenye mifugo waliliamini kuliko mahakama. Lakini hapo ndipo penye tatizo. Katiba ya 2010 yasema kwamba mwanamke na mwanamume ni sawa mbele ya sheria, na yampa kila mtu haki ya kuishi. Nayo nusu ya dia haipatani na usawa huo. Tena ukoo mzima ukilipa, muuaji mwenyewe aweza kukosa adhabu. Juu ya hayo, wanawake walioianza kazi ya amani ndio waliopimwa kwa nusu.

Hitimisho

Tumeona kwamba "jimbo", "shifta" na "operesheni" ni majina yaliyotoka nje na kufunga mazungumzo. Azimio la Modogashe, pamoja na kasoro zake, lilitoka ndani, na serikali iliyazoea masharti yake kabla ya kuyahoji. Mfumo wa kaunti ulioanza 2013 umelirudisha swali la majimbo, na Modogashe yenyewe imegombaniwa na Garissa na Isiolo. Mwanafunzi wa lugha akitaka kuijua historia hii na asikilize majina ya pande zote mbili, "shifta" na "Gaafa Daaba" pamoja, kwani kamusi iliyo na neno la kwanza tu ni shahidi wa upande mmoja.