Log in: gogo, kamba na batli

Kwa Kiingereza, log ni gogo. Gogo limefikaje kwenye simu zetu, zinazotutaka tu-log in kila kukicha?

Limetoka baharini. Mabaharia wa Uingereza walikuwa wakitupa majini kipande cha ubao kilichoitwa log, kilichotiwa risasi ukingoni ili kielee wima, kikiwa kimefungwa kamba yenye mafundo. Ubao ulibaki nyuma, kamba ikafunguka kwa kasi, na chupa ya mchanga ikapima takriban nusu dakika. Mafundo yaliyopita yalihesabiwa, na huo ndio mwendo wa meli. Manahodha wangali wanapima kwa mafundo: fundo moja ni kilomita 1.852 kwa saa.

Hesabu ziliandikwa daftarini, daftari likarithi jina la ubao, kisha log ikawa kitenzi: kuandika kumbukumbu. Miaka ya 1960, watu wengi walipoanza kutumia kompyuta moja kwa pamoja, kama katika mfumo wa CTSS huko MIT, Marekani, kila mtu alijitambulisha kwanza kwa amri ya login.

Sisi tunasema "ingia", neno jepesi na zuri, ingawa daftari limepotea humo. Na Kiswahili cha mwambao kina neno la ubao ule ule: batli. Kutia batli ni kuutupa majini kupima mwendo wa chombo. Mafundi wa kompyuta wanaoita kumbukumbu za mitambo yao log wangeziita batli, ningefurahi sana.