Meli ya Bahati Nasibu

Oktoba 1888 wakuu wa kanisa, wafanyabiashara na wapenda makoloni walijaza ukumbi jijini Cologne kulaani biashara ya utumwa Afrika. Huruma ikageuka tiketi: mwaka 1891 Ujerumani ikachezesha bahati nasibu ya kupinga utumwa.

Fedha hizo na michango ya umma zilileta Ziwa Nyasa meli iitwayo Hermann von Wissmann. Vipande vyake vilipandishwa kwa mito ya Zambezi na Shire, vikaungwa Mpimbi. Mwaka 1893 ikaelea.

Kituo kikajengwa Langenburg, yaani Lumbila, kaskazini-mashariki mwa ziwa. Waliochanga walitaka kuokoa watumwa. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyofaidi, ikaitumia meli kusafirisha maofisa, askari na mizigo.

Agosti 1914, meli hiyo ikiwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, Waingereza wa meli ya Guendolen waliishambulia.