Parokia kama Mmiliki wa Ardhi: Mibirizi na Maswali ya Historia ya Mahali katika Rusizi

Historia nyingi za parokia zinazoandikwa katika ukanda wetu ni kumbukumbu za yubilei. Zinatoa orodha ya mapadri, mwaka wa kujengwa kwa kanisa na idadi ya waliobatizwa, kisha hufunga kwa shukrani. Makala hii inaitazama parokia ya Mibirizi, wilayani Rusizi, kwa njia nyingine. Hoja yake ni kwamba historia ya parokia hiyo haina budi kuanza na ardhi na kazi, na kwamba nyaraka zinazohitajika kwa uchunguzi huo ni jambo la sera, wala si hazina ya wanahistoria peke yao.

Mfano wa Uingereza unasaidia, si kwa sababu parokia zake zinafanana na zetu, bali kwa sababu ya maswali yaliyoulizwa huko. Tangu 1538 kila parokia iliamriwa kutunza daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Kati ya 1818 na 1837 tume iliyoanzishwa kwa juhudi za Henry Brougham ilichunguza hisani zilizoachwa kwa ajili ya maskini: nani aliacha shamba, nani analisimamia, na mapato yanakwenda wapi. Mradi wa historia ya kaunti ulioanza 1899 ukayafanya maswali ya namna hiyo kuwa utaratibu. Kwa kila parokia, mwandishi hueleza umiliki wa ardhi, uchumi, kanisa, shule na misaada kwa maskini. Aghalabu majibu yanawahusu watu mbalimbali, yaani bwana wa shamba, kasisi, wadhamini na wasimamizi wa maskini. Tukiyapeleka maswali hayohayo Mibirizi, kwa sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ya karne ya 20 tunajibiwa na nyumba moja.

Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadri Weupe, walifungua misheni ya Mibirizi Desemba 1903, baada ya Save, Zaza, Nyundo na Rwaza. Ramani ya vituo hivyo inasema mengi. Ikulu ya Mwami Yuhi V Musinga haikutaka wageni hao karibu na Nyanza, ikawaelekeza pembezoni. Kinyaga, kama eneo la Cyangugu lilivyoitwa, lilikuwa pembezoni hasa: ng'ambo ya msitu wa Nyungwe, likitazamana na Kongo, na mkono wa ikulu ulikuwa umelikaza kwa uthabiti tangu enzi za Rwabugiri tu. Catharine Newbury, katika utafiti wake kuhusu Kinyaga uliochapishwa 1988, ameonyesha jinsi kukazwa huko kulivyoleta uburetwa, yaani kazi ya lazima kwa chifu kama malipo ya kuishi juu ya ardhi, na jinsi mzigo huo ulivyowaelemea Wahutu.

Katika mazingira hayo, kilima cha misheni hakikuwa mahali pa sala tu. Mapadri walipata ardhi kwa ridhaa ya ikulu na idhini ya utawala wa Kijerumani. Aliyejisogeza kwao aliweza kutumaini kwamba angalau mtu mmoja mwenye sauti angemtetea mbele ya chifu. Wanahistoria wa kanisa la Rwanda wamekwisha kueleza kwamba wengi wa waongofu wa mwanzo walikuwa maskini waliotafuta mlezi. Hili halipunguzi imani yao, nami sioni sababu ya kuitenganisha imani na hifadhi kana kwamba watu hao walizitenganisha. Lakini mlezi hudai kazi. Ujenzi wa kanisa, ubebaji wa mbao na ulimaji wa mashamba ya misheni viliingia katika hesabu hiyo, na hiyo ndiyo sura inayokosekana katika vitabu vya yubilei.

Kahawa inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko kitu kingine. Mibirizi ni jina la parokia, na pia ni jina la aina ya arabika, inayoelezwa kuwa na asili ya Guatemala, iliyooteshwa katika vitalu vya misheni mwanzoni mwa karne ya 20 na kuenea kutoka hapo. Mtafiti wa kilimo analijua jina hilo bila kukijua kilima. Utawala wa Kibelgiji ulipoanza kampeni kubwa ya kahawa mwaka 1931, zao lililotunzwa katika bustani ya wamisionari likawa wajibu wa mkulima. Wakati huohuo mashamba ya walowezi upande wa Kivu yalivuta vibarua kuvuka mto Rusizi. Uburetwa ulifutwa 1949 na ubuhake 1954. Wajibu wa kahawa uliendelea hata baada ya uhuru.

Shule na hospitali ya Mibirizi zingestahili makala yake. Hapa yatosha kusema kwamba nazo zilihitaji ardhi, na kwamba ziliufanya mlima huo kuwa mahali ambapo mtu mwenye shida hukimbilia.

Aprili 1994 Watutsi walikimbilia huko. Wakati wa machafuko yaliyoanza 1959 misheni nyingi nchini zilikuwa zimewahifadhi waliofukuzwa, na kumbukumbu hiyo ilikuwa hai. Safari hii hifadhi haikusimama. Mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilimhukumu Yussuf Munyakazi, mkulima wa Bugarama, kifungo cha miaka 25 mwaka 2010 kwa kuongoza mashambulizi katika parokia ya Shangi tarehe 29 Aprili na ya Mibirizi tarehe 30 Aprili. Rufaa iliidhinisha hukumu hiyo 2011. Shangi leo iko wilaya ya Nyamasheke, Mibirizi iko Rusizi. Anayeandika historia kwa kufuata mipaka ya wilaya za 2006 atalikata tukio moja vipande viwili.

Kuanzia 2009 Rwanda iliandikisha ardhi yake yote, zaidi ya vipande milioni 10, kwa msingi wa sheria ya 2005. Hati inaeleza nani anamiliki sasa. Haielezi kipande kilifikaje mikononi mwake, na hapo ndipo migogoro huzaliwa. Sehemu ya jibu imo katika shajara ambazo kila kituo cha Mapadri Weupe kilitakiwa kuandika, na katika madaftari ambayo kanuni ya 535 ya sheria za Kanisa inaiagiza kila parokia kuyatunza. Hifadhi kuu ya shirika hilo iko Roma.

Uingereza, kwa kanuni ya 1978, madaftari ya parokia yaliyopita miaka 100 hupelekwa kwenye ofisi ya nyaraka, isipokuwa askofu akiruhusu vinginevyo. Kwa kipimo hicho, madaftari ya kwanza ya Mibirizi yangekuwa tayari yamefikia umri huo. Pendekezo langu ni makubaliano kati ya Jimbo la Cyangugu, lililoundwa 1981, na Inteko y'Umuco: nakala za kidijitali zitengenezwe, shajara na hati za ardhi zifunguliwe kwa watafiti, na madaftari ya watu yabaki chini ya masharti makali. Katika nchi ambayo kitambulisho chenye kabila kilitumiwa kuchagua wa kuuawa, daftari linaloonyesha ukoo wa mtu si la kuwekwa mtandaoni. Shajara ziliandikwa kwa Kifaransa, na mafaili ya serikali hadi 1916 ni ya Kijerumani. Muhtasari wake kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, lugha rasmi nchini tangu 2017, ungewawezesha wazee wa Gashonga kusema ni wapi padri aliandika sawasawa na ni wapi hakuandika, kabla hawajaondoka.