Walijinyima, franga ikayeyuka

Wandugu, wengi wetu tunapiga hesabu: kula kidogo, kuweka franga kila mwezi, na kuacha kazi na miaka 45. Mie napenda hesabu ile. Lakini wazee wetu pia walijinyima, tuangalie kwanza yaliyowapata.

Mwaka 1967 zaire moja ilichukua nafasi ya franga 1.000, na ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Desemba 1979 serikali ya Mobutu ikaondoa noti za zaire 5 na 10. Watu wakapewa siku chache za kubadilisha, tena kwa kipimo. Mwenye kuzidisha kipimo, karatasi zilimubakia mukononi.

Halafu 1993, zaire 3.000.000 zikawa zaire mupya moja. 1998, zaire mupya 100.000 zikawa franga moja. Muzidishe wenyewe: zaire miliari 300 za zamani kwa franga moja, na franga moja leo hainunue hata pipi! Pansioni ya INSS iliyoandikwa katika zaire ilikufa pamoja na zaire.

Nani alipona? Ku Katuba, mwenye kununua parsele na kujenga vyumba viwili, wapangaji walimulipa kwa bei ya siku ile, si ya 1979.

INSS leo ni CNSS, na pansioni yake kwa kawaida inaanza na miaka 60. Mwenye kuacha kazi na 45 atajibebesha miaka 15 peke yake. Mie ningeanza na tofali, daftari ya banki ifuate.