Vioo na Mbwa wa Endurance

Mwezi Januari 1915 meli ya Endurance, iliyoongozwa na Ernest Shackleton, ilinaswa na barafu katika Bahari ya Weddell, kusini kabisa ya dunia. Mabaharia waliwateremsha mbwa wao barafuni na kuwajengea vibanda vya theluji. Mbwa hao, waliokuwa wa kukokota magari ya kuteleza yasiyo na magurudumu, waligawanywa vikosi sita, na kimoja akakabidhiwa mpigapicha wa safari, Frank Hurley wa Australia. Basi aliyewapiga picha ndiye aliyewaendesha, na jambo hilo ladhihirika: wanamtazama kama wamtazamavyo bwana wao. Kiongozi wa kikosi chake aliitwa Shakespeare, jina tulilolizoea sisi tangu Nyerere alipomfasiri mshairi huyo mwaka 1963.

Kamera zake kubwa zilitumia mabamba ya kioo. Theluji hung'ara mno. Mpigapicha akiipimia mwanga, mbwa mweusi hugeuka bonge la kiza, na akimpimia mbwa, theluji huungua hata usiione alama ya unyayo. Pumzi hugandia juu ya lenzi, na chuma hung'ang'ania ngozi ya mkono mtupu. Kusafisha picha kulikuwa adhabu zaidi: tangi la maji lilitaka kupashwa moto daima, la sivyo mabamba yangeganda humo kama mawe, na vidole vya Hurley vilipasuka pembezoni mwa kucha.

Mwezi Juni, katikati ya usiku mrefu wa kusini, palifanywa mashindano ya mbwa kwa mwanga wa taa. Kikosi cha Frank Wild kilishinda. Furaha ya namna ile vioo vya zama zile havikuimudu, kwani mbwa atimkaye gizani angeacha ukungu mtupu. Ndiyo sababu picha zilizo bora ni za mbwa waliotulia.

Tarehe 27 Oktoba meli iliyopondwa na barafu ilihamwa. Hurley alirudi, akazama katika maji ya barafu ndani ya mabaki yake, akayaokoa makopo ya mabamba yaliyozibwa kwa lehemu. Kisha yeye na Shackleton wakaketi wakayachagua moja moja: takriban 120 yakawekwa, na kama 400 Hurley akayavunja papo hapo, asije akashawishika kuyarudia. Pengine ukatili huo ndio ulioifanya hazina iliyobaki iwe safi kiasi kile. Akabakiwa na kamera ndogo ya mfukoni na filamu tatu.

Miongoni mwa picha za siku zile imo moja ya mbwa barafuni wakiyaelekea mabaki ya meli, milingoti imevunjika. Mtazamaji hudhani wanaomboleza. Huenda walingoja kulishwa tu.

Chakula kilikuwa kikipungua. Mwezi Januari 1916 kikosi cha Hurley kilipigwa risasi, Shakespeare akiwamo. Aliyepewa kazi hiyo ni Wild, na Hurley aliandika maneno ya kumuaga mbwa wake katika shajara. Waliosalia waliuawa kabla ya mashua kushushwa majini mwezi Aprili, na nyama yao ikaliwa.