Zuio la Mahakama na Makatapila ya Bulyanhulu: Haki za Ardhi na Utekelezaji wa Sheria katika Ukanda wa Dhahabu, 1974–2002

Tarehe 2 Agosti 1996, Mahakama Kuu ya Tanzania mjini Tabora ilitoa amri ya kusimamisha uhamishaji wa wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu, wilayani Kahama. Siku tano baadaye makatapila yalikuwa yakifukia maduara. Mjadala wa tukio hili umejikita kwa muda mrefu katika swali la vifo, na hilo ni haki yake. Hata hivyo, siku tano hizo nazo zinastahili kuchunguzwa. Hoja ya makala haya ni kwamba udhaifu wa utekelezaji wa sheria katika ukanda wa Shinyanga na Geita haukutokana na upungufu wa dola. Askari walikuwepo, magari yalikuwepo. Tatizo lilikuwa ni amri ya nani iliyotekelezwa.

Mizizi ya mgogoro huu haiko katika dhahabu peke yake. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ilikuwa tayari imewahamisha wakulima na wafugaji wa Usukuma kutoka katika maeneo yao ya asili bila kuwapa hati yoyote kwa ardhi mpya waliyopangiwa. Dhahabu ilipogunduliwa Bulyanhulu mwaka 1975, ilikutwa katika ardhi ambayo wakaaji wake waliimiliki kwa mazoea tu. Wageni walimiminika kutoka mikoa mbalimbali, mashamba yakageuka maduara, na pembeni yake yakaota maduka na nyumba za kulala wageni. Serikali haikuwa mbali: mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu ilinunua dhahabu ya wachimbaji wadogo bila kuuliza sana ilikotoka. Mtu ambaye dhahabu yake inanunuliwa na dola ana sababu ya kuamini kwamba dola inamtambua.

Kisheria, hata hivyo, tabaka mbili za haki zilikuwa zimelaliana juu ya udongo uleule. Sheria ya Madini ya mwaka 1979 iliyaweka madini chini ya Jamhuri, na leseni ikatolewa na waziri. Haki ya kukaa na kulima juu ya ardhi ilitokana na mila. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha Sheria Na. 22, iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni. Desemba 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na haiwezi kutwaliwa bila fidia ya haki. Mwaka huohuo Kahama Mining Corporation, kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada, ilikuwa imepewa haki ya kutafuta madini Bulyanhulu.

Kampuni ilianza kwa njia halali. Mwaka 1995 ilikwenda Mahakama Kuu, Tabora, kuomba wachimbaji waondolewe, na Septemba mwaka huo haikupata amri iliyoitaka. Baada ya hapo njia ya mahakama iliachwa, ikafuatwa njia ya utawala. Tarehe 30 Julai 1996 Waziri wa Nishati na Madini, William Shija, alitangaza kwamba wachimbaji waondoke mara moja. Kile ambacho jaji alikuwa hajakitoa kwa hukumu kilitolewa kwa tangazo. Wachimbaji nao, kinyume na sifa ya uhuni waliyopewa na watawala, walirudi Tabora na kupata zuio la 2 Agosti. Katika mlolongo huu wote, upande ulioitwa mvamizi ndio uliobaki ukiitegemea mahakama.

Madai kwamba watu zaidi ya hamsini walifukiwa wakiwa hai yalikanushwa na Serikali na kampuni. Mwaka 2002 ofisi ya usuluhishi ya taasisi za uwekezaji za Benki ya Dunia ilieleza kwamba madai hayo hayakuthibitishwa na ushahidi. Mawakili wa shirika la LEAT, waliotaka uchunguzi huru, walishtakiwa mwaka huo kwa kosa la uchochezi. Inafaa kusita hapa kidogo: dola ileile ambayo haikuweza kusimamisha makatapila baada ya amri ya jaji iliweza, miaka sita baadaye, kuandaa hati za mashtaka.

Barrick Gold iliinunua Sutton mwaka 1999. Huko Geita, wakati huo wilaya ya Mkoa wa Mwanza, mgodi mkubwa wa wazi ulianza kuzalisha mwaka 2000. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ilitaka idhini ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kazi kufanyika ndani ya mita 200 za nyumba, lakini ikampa waziri uwezo wa kuiruka idhini hiyo akiona imezuiliwa bila sababu ya msingi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, iliyoipa haki ya kimila hadhi sawa na ile ya kupewa na Serikali, ilitungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Mwaka huohuo mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji, na waliohamishwa mwaka 1996 hawakuwa tena na kijiji mahali pale ambacho ardhi yake ingeweza kusajiliwa.