Muda wa Wazo: Königsberg na Chimbuko la Saikolojia

Kila asimuliaye mwanzo wa saikolojia hutaja Leipzig na mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipoanzisha maabara yake katika chuo kikuu cha mji ule. Tarehe hiyo yafaa kukaririwa kwa mtihani. Walakini mizizi ya elimu hii yaonekana vema zaidi katika mji mwingine, Königsberg wa Prussia ya Mashariki, ambao tangu 1946 huitwa Kaliningrad na umo katika Urusi.

Immanuel Kant aliishi humo. Mwaka 1786 aliandika kwamba elimu ya nafsi haitapata kamwe kuwa sayansi halisi ya maumbile. Hakusema hivyo kwa dharau. Sayansi, kwake, ni ile ikubaliyo hesabu, na mawazo hayana upana wala kimo. Hupita katika wakati tu, wala hayawezi kutengwa na kuwekwa kando yakangoja kutazamwa tena. Isitoshe, mtu ajichunguzaye hukibadili kile akichunguzacho. Johann Friedrich Herbart, aliyeshika kiti cha Kant tangu 1809, alijibu nusu ya hoja: hesabu yawezekana katika mambo ya nafsi, majaribio hayawezekani.

Nusu ya pili ilijibiwa na watu ambao hawakuwa wanafalsafa, na jambo lenyewe lilianza kwa ugomvi wa kazi. Huko Greenwich, Uingereza, mwaka 1796, Nevil Maskelyne alimwondoa kazini msaidizi wake David Kinnebrook kwa kuwa saa alizoandika za kupita kwa nyota katika darubini zilihitilafiana na zake kwa sehemu nane za kumi za sekunde. Kazi ile ilitaka jicho liifuate nyota na sikio lihesabu milio ya saa kwa pamoja. Maskelyne aliona kosa. Friedrich Bessel, mwanafalaki wa Königsberg, alipoisoma habari hiyo aliingiwa na shaka nyingine. Alijilinganisha na wanafalaki wenzake, mastadi wasioshukiwa uzembe, akaona kuwa hata wao walihitilafiana. Basi tofauti ilikuwa katika maumbile ya watazamaji. Kinnebrook hakuishi kuyasikia haya. Alikufa mwaka 1802.

Mwaka 1850, katika Königsberg ile ile, Hermann von Helmholtz, profesa wa fiziolojia, aliligeuza swali la nyota kuwa swali la nyama. Mwalimu wake, Johannes Müller, alikuwa amefundisha kwamba yamkini mwendo wa habari katika mshipa wa fahamu hautapimika abadani. Helmholtz alitwaa msuli wa chura pamoja na mshipa wake. Aliusisimua mshipa kwa umeme karibu na msuli, kisha mbali nao, akalinganisha muda uliopita kabla msuli haujajikunja. Tofauti ilikuwa kijisehemu cha sekunde, lakini ilipimika: mwendo wa mita 27 hivi kwa sekunde, polepole kuliko sauti iendavyo hewani.

Baba yake, mwalimu aliyezama katika falsafa, alisita kukubali. Aliamini kuwa wazo na tendo la mwili hutukia pamoja, wala moja halilitangulii jingine. Kusita huko hakukuwa ujinga. Ikiwa agizo la nafsi husafiri, mtu si mmoja na mkono wake kama ajionavyo. Baina ya kutaka na kutenda iko njia, na njia ina urefu.

Waliofuata walikwenda mbio. Katika Leipzig, Gustav Fechner alitoa mwaka 1860 kanuni za kulinganisha ukubwa wa kichocheo na ukubwa wa hisia. Katika Utrecht, mwaka 1868, Franciscus Donders alitoa muda wa kuitika tu katika muda wa kuchagua kisha kuitika. Baki aliihesabu kuwa muda wa kuchagua kwenyewe. Wundt, aliyewahi kuwa msaidizi wa Helmholtz huko Heidelberg, alivikusanya vipimo hivyo Leipzig, alhali kiti alichokalia kilikuwa cha falsafa.

Na hoja ya Kant haikuzikwa yote. Wundt mwenyewe alikataa kuziingiza lugha, visasili na desturi katika maabara, akishikilia kuwa saa haifiki huko. Juu ya mambo hayo alianza mwaka 1900 kutoa kitabu cha majuzuu kumi, na alikikamilisha mwaka 1920, mwaka ule ule aliofariki.